Wote Watatu Walimwona



Katika wilaya yetu ya Lubero, huko Kasugho, kando ya Hifadhi ya Tayna, kuna kituo kinacholea gorila yatima. Kinajulikana kwa jina la GRACE. Kilianzishwa mwaka 2009 na kikapokea wanyama wake wa kwanza mwaka 2010. Kwa miaka mingi kimelea gorila 14, ambao wazazi wao waliuawa na wawindaji katika misitu ya mashariki. Ndani ya msitu wao kumewekwa kamera zinazopeleka picha moja kwa moja kwenye intaneti. Mtu aliyeketi jikoni mwake huko London au Chicago aweza kumtazama mnyama wa Kasugho akila, akipanda mti, akilala.

Habari hii ikitajwa baada ya Misa, iwe Butembo au Beni, jibu huwa ni lilelile: wanyama wana kamera za kuwatazama, lakini watoto wetu nani anawatazama? Neno hilo hutoka katika uchungu. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuuzunguka mji wa Beni, maelfu ya watu wameuawa katika jimbo letu na kandokando yake. Watoto wa Eringeti, wa Mbau na wa Oicha wamefika mijini wakiwa wameshikwa mkono na shangazi, na jirani, au na mtu wasiyemjua. Tangu Kanyabayonga ilipotekwa Juni 2024, wengine wametujia kutoka kusini. Kwa hiyo swali hilo linastahili kujibiwa kwa makini, maana ndani yake mna jambo la kweli na jambo lisilo la kweli.

Haki iliyomo katika lalamiko

Tuanze na lile ambalo wengi wetu hulicheka. Katika nchi kama Uingereza na Ireland kuna mbwa wa mbio, wembamba, wenye miguu mirefu, wanaofugwa ili watu watazame mashindano yao. Mbwa huyo huacha mbio angali kijana, na vyama vya huruma humtafutia nyumba. Anayemchukua hugundua jambo moja: mbwa huyu alikulia bandani pamoja na wenzake, wala hakuzoea kukaa peke yake. Akiachwa ndani hulia na kukwaruza mlango. Basi mwenye nyumba huweka kamera sebuleni, na akiwa kazini humtazama mbwa wake kwa simu, ajue kama ametulia. Kwetu, ambako mbwa hulinda ua usiku na mchana hurushiwa mawe na watoto, habari kama hiyo husikika kama mzaha.

Kanisa halicheki, ila linaweka mpango. Katekismu yafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na kwamba tunapaswa kuwatendea wema. Kuwatesa bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Papo hapo yafundisha kwamba haifai kutumia kwa ajili yao mali ambayo ingepaswa kwanza kuondoa taabu ya watu, wala kuwapa upendo ambao ni haki ya watu peke yao. Tarehe 5 Januari 2022 Papa Fransisko alipokuwa akifundisha juu ya Mtakatifu Yosefu na ubaba wake, aliwasikitikia watu wa ndoa wasiotaka watoto huku nyumba zao zikiwa na mbwa na paka, akawahimiza waamini wasiogope kupokea watoto wasio na wazazi. Na katika waraka wake Laudato Si', wa mwaka 2015, alikuwa amekwisha kuonya kwamba ni kujipinga kupigana na biashara ya wanyama walio hatarini kutoweka na wakati huohuo kutojali biashara ya wanadamu.

Kwa hiyo anayelalamika hajakosea mpango. Mtoto wa Mbau ni mkuu kuliko gorila wa Kasugho, naye ni mkuu kuliko mbwa yeyote wa mbio. Ulimwengu unaomjua gorila kwa jina lake na usiomjua mtoto huyo umepotoka, nasi tuna haki ya kulisema hilo wazi.

Mtoto wa Beni hakukosa kamera

Lakini lalamiko hilo linakosea mahali pamoja. Linadhani kwamba kile walichopata yatima wa Kasugho, na wetu wakakikosa, ni kamera.

Ndugu wapendwa, mtoto wa Beni hakukosa kamera. Amepigwa picha na waandishi wa habari, na wajumbe wa mashirika, na wapita njia. Amepigwa picha akilia kando ya kaburi, akipokea ndoo na blanketi, akisimama mbele ya hema. Ama picha za waliouawa, hizo hupita katika simu zetu kwa WhatsApp zikiwa bado na damu mbichi, na mara nyingi hufika Butembo kabla mtu hajawabishia hodi ndugu wa marehemu. Wazee walisema kwamba macho hayana pazia. Siku hizi hata simu hazina pazia.

Tena tukumbuke tofauti iliyopo kati ya mnyama na mtoto. Gorila haoni aibu kwa kutazamwa, mtoto anaiona. Gorila hatasoma siku moja maneno yaliyoandikwa chini ya picha yake. Mtoto atakua na kuyasoma. Kama wafadhili wa nchi za mbali wangekuja kesho na kutuambia kwamba watafunga kamera juu ya vitanda vya yatima wetu, ili watu wema wawatazame usiku na mchana, mzazi gani mwenye akili angekubali? Basi tusiwaonee wivu wanyama kwa kitu ambacho sisi wenyewe tusingekubali watoto wetu wapewe.

Kilichoko nyuma ya kamera

Tuangalie basi walichopata kweli yatima wa Kasugho. Anapofika gorila mchanga aliyetoka mikononi mwa wawindaji, amedhoofika, ana majeraha, ana hofu. Kwanza hutengwa kwa sababu ya magonjwa. Katika siku hizo za kutengwa kuna mtu anayekaa naye usiku na mchana, akimlisha, akimbeba, akilala karibu naye. Mtu huyo ni Mkongo kama sisi. Akipata nguvu, huingizwa polepole katika kundi la wenzake, na huko majike wakubwa, nao yatima wa zamani, humpokea na kumlea kama mwana. Haya huchukua miaka mingi. Hivi karibuni gorila wanne wa kike walihamishwa kutoka Kasugho hadi Mlima Tshiaberimu, katika Hifadhi ya Virunga, ili waungane na kundi dogo lililobaki huko na kuishi tena kama gorila wa msituni.

Mambo matatu yanaonekana hapo. La kwanza ni mtu mmoja anayejulikana, si umati wa watazamaji. La pili ni muda mrefu. La tatu ni mlango wa kurudi kwa walio jamaa yake. Kamera ilikuja baada ya hayo yote, na ikizimwa leo, ulezi utaendelea. Lakini mlezi akiondoka, kamera haitamnywesha yatima hata tone la maziwa.

Ushahidi mwingine twaupata Rumangabo, katika kituo cha Senkwekwe. Mwaka 2007 gorila mchanga wa miezi miwili alikutwa akiwa ameukumbatia mwili wa mama yake aliyeuawa kwa risasi. Akaitwa Ndakasi. Mlinzi André Bauma alimbeba kifuani usiku ule apate joto, akaendelea kumlea miaka 14. Mwaka 2019 picha ya Ndakasi akiwa amesimama nyuma ya walinzi wake kama mtu ilizunguka dunia nzima, na watu wasiohesabika walicheka na kufurahi. Tarehe 26 Septemba 2021 Ndakasi alikufa baada ya kuugua muda mrefu, kichwa chake kikiwa juu ya kifua cha Bauma. Picha ile ya kwanza ilikuwa na watazamaji wengi mno. Siku ya kufa alihitaji mtu mmoja, naye alikuwepo.

Tukumbuke pia kwamba zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa wakiwa kazini. Kulinda kuna gharama ambayo kutazama hakuna.

Tulikwisha kuyajua haya

Huenda mtu akasema kwamba mambo hayo yawezekana kwa sababu kuna fedha za wageni. Fedha zina kazi yake, hatukatai. Lakini sisi wa Butembo na Beni tulikwisha kuona jambo lilelile likifanywa na maskini wetu wenyewe.

Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, kisha ikaingia Beni, Katwa na Butembo, ilitufundisha kutazamana kwa mbali. Katika kituo cha matibabu cha Beni kulikuwa na vyumba vya plastiki angavu. Jamaa walisimama nje na kumwona mgonjwa wao ndani. Lilikuwa jambo jema, kwa maana watu waliacha kudhani kwamba wapendwa wao wamemezwa na shimo. Hata hivyo, mama aliyekuwa ndani aliweza kumwona mtoto wake bila kumshika, na mtoto aliyekuwa nje aliweza kumwona mama bila kunyonya.

Ni nani basi aliyemshika mtoto huyo? Kando ya vituo vya matibabu, Beni na baadaye Butembo, UNICEF ilifungua nyumba za kulelea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa. Walezi walikuwa washindi wa Ebola, watu waliougua wakapona, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga. Wengi wao walikuwa wamefiwa na wao. Wengine walikuwa wakiepukwa na majirani. Hao ndio waliokaa na watoto ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuwagusa, wakawapa maziwa, wakawaimbia, wakawabembeleza mpaka usingizi. Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa. Lakini walikuwapo watoto waliokuwa hai na wenye akili timamu kwa sababu mtu aliyejeruhiwa alikubali kuwa mkono.

Kwa hiyo hatuhitaji kwenda Ulaya wala hata Kasugho kujifunza somo hili. Tulilipata nyumbani, kwa bei kubwa, na tusilisahau.

Kuona kwa Mungu

Tukifungua Injili ya Luka, katika mfano wa Msamaria Mwema, twazoea kusema kwamba kuhani na Mlawi walikuwa vipofu wa moyo. Tusome tena kwa uangalifu. Injili yasema kwamba kuhani alimwona yule mtu aliyelala njiani. Mlawi naye alimwona. Msamaria naye alimwona. Wote watatu walimwona. Tofauti haikuwa katika macho. Wawili walipita upande wa pili. Mmoja alikaribia, akafunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akatoa fedha, akaahidi kurudi. Na tusisahau kwamba mnyama yule wa mzigo alishiriki katika huruma hiyo, kama vile mbwa wa kijana Tobia alivyoshiriki safari ya bwana wake kwenda na kurudi. Maandiko hayaweki upendo wa viumbe na upendo wa jirani katika mizani kana kwamba kimoja kikipanda kingine lazima kishuke. Katika waraka wake Papa Fransisko alifundisha kwamba moyo ni mmoja: ukatili kwa mnyama haukawii kuonekana kwa mtu.

Tena tazameni jinsi Mungu mwenyewe anavyoona. Hajiri, mtumwa aliyefukuzwa, alimwita Mungu kuwa ndiye amwonaye. Na baadaye, mtoto wake alipokuwa akifa kwa kiu jangwani, Mungu hakuishia kumwona, bali alimfumbua macho akaona kisima. Katika kijiti kilichowaka moto, Mungu alimwambia Musa kwamba ameyaona mateso ya watu wake, amesikia kilio chao, na kwa hiyo ameshuka. Kuona, kusikia, kushuka: ndio utaratibu wa Mungu, na ndio utaratibu wa Umwilisho. Neno hakututazama kutoka mbinguni tu. Alifanyika mwili, akashikwa na mikono ya Maria na ya Yosefu.

Kamera na daftari

Sisi tuliopita katika shule za ualimu tulifundishwa kazi moja ndogo ya kila asubuhi, ambayo walimu wengi huiona kama mzigo: kuita majina. Mwalimu hufungua daftari la mahudhurio, hutaja jina la kila mtoto, husubiri jibu. Mahali pasipo na jibu, huweka alama, na mchana huuliza: Fulani yuko wapi? Anaumwa? Ada imekosekana? Amehama?

Hapo ndipo daftari linapoishinda kamera. Kamera huonyesha aliyepo. Daftari humtafuta asiyekuwepo. Mchungaji wa Injili asingejua kwamba kondoo mmoja amepotea kama angewatazama tu wale tisini na tisa na kufurahia uzuri wao. Alijua kwa sababu aliwahesabu.

Katika mitaa yetu wamo yatima ambao hakuna daftari linalowataja. Wamepokelewa, hilo ni kweli, na tunawashukuru ndugu waliofungua milango yao wakiwa wao wenyewe hawana kitu. Lakini tuseme ukweli mpaka mwisho: kati ya waliopokelewa wamo wanaolala jikoni, wanaoamshwa wa kwanza kwenda kuchota maji, wanaokula wa mwisho, wanaoachishwa shule ili wauze karanga au wabebe matofali huku watoto wa nyumba hiyo wakienda darasani. Jirani huwaona kila siku. Mkuu wa mtaa huwaona. Sisi waamini huwaona Jumapili wakiwa wamesimama nyuma ya kanisa. Wote tunawaona.

Tufanye nini

Tunapendekeza mambo manne, ambayo yako ndani ya uwezo wa chama chetu.

Kwanza, kila shirika la mtaa liwe na daftari la yatima wake: jina, umri, mahali anapolala, darasa analosoma, mtu anayemjibia. Daftari hilo likae kwa kiongozi, lisichapishwe wala lisipigwe picha. Lisomwe katika mkutano wa kila mwezi, na penye ukimya atumwe mtu siku ileile.

Pili, kila mtoto awe na mtu mmoja wa nje ya nyumba anamoishi, mwanamke au mwanamume mwenye sifa njema, atakayemtembelea nyumbani kwa uwazi, mbele ya wenye nyumba, na kuendelea kwa miaka. Mtembeleaji huyo asije kama polisi. Aje na sabuni, na chumvi, na maneno mema kwa mama wa nyumba, kwa maana mkono mmoja haulei mwana, na mara nyingi anayemwonea yatima ni mtu aliyechoka aliyeachwa peke yake na mzigo usio wake.

Tatu, tukatae kupeleka mbele picha za maiti na za watoto wanaolia. Ikiwa picha ni ushahidi, ipelekwe kwa wenye kazi ya kuchunguza. Ikiwa si ushahidi, na ikomee katika simu iliyofika. Kwa kila picha tunayoifuta, tuulize jina moja na tubishe hodi katika nyumba moja.

Nne, tuwafundishe watoto wa katekesimu kuwatendea wanyama kwa upole: kutomrushia mbwa mawe, kutonunua mtoto wa nyani wala wa kasuku kama kitu cha kuchezea, kutokula nyama ya wanyama waliokatazwa. Idadi ya gorila hawa wa kwetu, ambao hawapatikani nchi nyingine yoyote duniani, imeshuka mno tangu miaka ya 1990, na kila yatima wa Kasugho ni mabaki ya jamaa iliyoliwa. Mtoto anayejifunza kwamba mnyonge hapigwi hata akiwa mbwa, atakumbuka somo hilo siku atakapokuwa na nguvu juu ya mtu.

Kuhusu wale wa London na Chicago, tusiwahukumu. Huenda mmoja wao, baada ya kumtazama gorila wa Kasugho kwa muda mrefu, atauliza Kasugho ni wapi, na ni watu gani wanaishi huko, na wanateswa na nini. Akiuliza, tumjibu kwa heshima. Lakini yatima aliye mtaani mwetu hawezi kumngoja. Anatungoja sisi, tulio karibu kiasi cha kumshika mkono.

Mtakatifu Yosefu, mlezi wa Mwana asiyekuwa wa damu yake, atuombee.